Tende Iliyojazwa Ina Njia Yake: Kutoka Manga Hadi Nduta



Siku hizi ni nadra kuona shughuli isiyo na sahani ya tende zilizojazwa. Iwe akdi, maulidi, arubaini ya mtoto au futari ya wageni, tende imepasuliwa, kokwa imetolewa, ndani imetiwa lozi au korosho. Na wengi wetu tumeona katika mapishi ya nchi za nje tende hiyo hiyo ikitiwa jibini, ikazungushiwa bekoni, yaani nyama ya nguruwe, kisha ikachomwa. Tukaulizana: je, hiki ni chakula chao tunachokiiga kwa kubadilisha nyama, au kilikuwa chetu tangu zamani? Tulipoifuata historia yake ilitupeleka mbali: Manga, bandari yetu ya Unguja, Ujiji, mpaka nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ilikofunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nduta.

Tuanze na jawabu la swali letu. Kujaza tende ni jambo la kale. Kitabu cha mapishi cha Warumi kinachohusishwa na jina la Apicius kinaeleza tende iliyotolewa kokwa, ikajazwa njugu au pilipili manga, ikatiwa chumvi na kukaangwa katika asali. Mwaka 1226 al-Baghdadi aliandika mjini Baghdad kitabu cha mapishi, na ndani yake mna tende mbichi iliyotiwa lozi mahali pa kokwa na kupikwa kwa asali, zafarani na marashi. Bekoni ilikuja baadaye sana. Waingereza wa zama za Malkia Victoria walikuwa na kitafunio cha kumalizia mlo: plamu kavu au tende iliyozungushiwa nyama ya nguruwe. Walikiita kwa jina ambalo kwa lugha yetu ni "mashetani juu ya farasi". Basi nguruwe ndiye mgeni katika sahani hii. Kumwacha nje hakupunguzi kitu.

Kwetu sisi tende ina heshima kabla hata ya kuwa kitafunio. Katika Surat Maryam, bibi Maryam alipokuwa katika uchungu wa uzazi aliambiwa alitikise shina la mtende apate tende mbivu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifungua saumu yake kwa tende. Na mtoto mchanga hupakwa tende iliyolainishwa kinywani, ikawa ladha yake ya mwanzo duniani.

Lakini tende hizo hazikuwa zikitoka mashambani kwetu. Mtende unataka jua kali na hewa kavu wakati matunda yanapoiva; mvua huyaharibu. Visiwa vyetu ni vya minazi na mikarafuu. Ndiyo maana wazee wakaziita tende za Manga. Upepo wa kaskazi ulipovuma, kuanzia mwezi wa Disemba, majahazi yalishuka kutoka Oman na Ghuba na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi iliporudi, yaliondoka na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za kwetu. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika chombo kimoja cha Wakuwaiti msimu wa 1938 na 1939, akafika Unguja na Rufiji, na kitabu chake kimehifadhi habari za safari hizo wakati zinakaribia mwisho.

Hapa ndipo historia inapokuwa nzito, na hatukuona vyema kuiruka.

Sayyid Said bin Sultan alipoufanya Unguja makao yake, katika karne ya 19, misafara ya kwenda bara ilikua. Njia kuu ilianza pwani, baadaye zaidi Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamewatangulia. Misafara ilikwenda na nguo, shanga na waya. Ilikwenda pia na Kiswahili, na Uislamu, na saumu ya Ramadhani. Ujiji ikawa mji wa pwani usio na bahari, katikati ya nchi ya minazi mingine: michikichi ya mawese.

Nyuma ya Ujiji, ukipanda kaskazini, ndiko Buha: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo. Watemi wa Buha hawakuwa watu wa kupitiwa bure. Stanley, mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya nguo tena na tena katika nchi ya Waha, mwisho akaiacha njia na kupita kwa siri usiku.

Na misafara iliporudi pwani ilileta pembe za ndovu na watu. Wengi walivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Baadhi yao walibakishwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wengine walipandishwa majahazini na kupelekwa Manga. Mkataba wa 1845 kati ya Sayyid Said na Waingereza ulikataza kuwapeleka Oman, lakini biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingi.

Huko walifanya nini? Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonesha kuwa watumwa wengi kutoka Afrika Mashariki walifanya kazi katika mashamba ya mitende, hasa pwani ya Batina. Mtende ni mti wa kazi nyingi. Maji yalivutwa visimani. Ua la mtende dume lilipandishwa kwa mkono na kufungwa kwenye la mtende jike, mti kwa mti, ama sivyo hakuna tunda. Kisha mtu alipanda tena kukata vishada. Soko nalo lilikuwa kubwa. Tende ya Oman iitwayo fardh ilistahimili safari ndefu, ikapendwa Marekani, ikauzwa New York kwa msimu wa sikukuu zao. Baadaye Wamarekani walipanda mitende yao huko California. Mwaka 1927 walichukua machipukizi 11 ya mejuli kutoka Morocco, na biashara ya Maskati ikadidimia.

Basi fikirini, dada zetu. Tende ilikuja kusini kwa kaskazi, na binadamu alipelekwa kaskazini kwa kusi, kwenda kuutunza mtende ule ule. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukakosa nguvu ya sheria visiwani mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922, na Oman mwaka 1970 tu. Mwaka huo baadhi yetu tulikuwa tumeshazaliwa. Baadhi yetu ni wajukuu wa walioleta tende. Baadhi ni wajukuu wa walioimwagilia mitende. Na wengi wetu, tukiulizana vizuri nyumbani, ni wajukuu wa wote wawili. Hili halisemwi ili tuoneane haya. Linasemwa ili tusimwite yeyote mtu wa bara kana kwamba hatuhusiani naye.

Tumefika Nduta. Kambi hii ya Kibondo ilikuwa na wakimbizi wa Burundi miaka iliyopita, ikafungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015, baada ya machafuko yaliyoanza Bujumbura Aprili ya mwaka huo. Wakati mmoja ilihifadhi zaidi ya watu laki moja. Burundi nayo ina Waislamu wazungumzao Kiswahili, kama wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, jamii iliyochipuka katika biashara ya ziwani na misafara ile ile. Kwa hivyo Kiswahili chetu na saumu yetu vilifika hata Nduta. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulikatwa hadi nusu kwa uhaba wa fedha. Wengine wamesharejea kwao, lakini njaa ya mkimbizi haiishii kwenye geti la kambi.

Katika Surat al-Balad, Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya kupanda, na ameeleza ni ipi: kumwacha huru mtumwa, au kulisha siku ya njaa. Yote mawili yamewekwa pamoja. La kwanza babu zetu waliulizwa. La pili tunaulizwa sisi.

Sasa sahani yetu. Chukueni tende 20 kubwa na laini, mpasue upande mmoja mtoe kokwa. Jazeni korosho zilizokaangwa au jibini. Nyama ya ng'ombe ya halali ikatwe nyembamba kama utepe, ilale usiku katika chumvi, ndimu na pilipili manga. Zungusheni kila tende, mchome kijiti, mtie katika oveni yenye moto wa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20, mkigeuza mara moja. Asiye na oveni, makaa ya moto mdogo yanatosha. Utamu wa tende na ukali wa pilipili vinapendana sana.

Na kabla ya kujaza, tuhesabu: thamani ya tende moja katika kila tano iwekwe pembeni kwa sadaka, iende kwa mkimbizi, kwa yatima, au kwa jirani ambaye futari yake ni maji matupu. Watoto wakiuliza kwa nini, tuwasimulie njia ya tende yote, kwenda na kurudi.

Wabillahi tawfiq.