Ufanisi, na Nani Aushuhudie

Istilahi ya ufanisi, ambayo leo haikosekani katika mkataba wa utendaji, hotuba ya katibu mkuu wala ripoti ya mkaguzi, ilikuwamo katika Kiswahili kabla elimu ya menejimenti haijabisha hodi nchini, na maana yake ya asili ilikuwa pana kuliko ile iliyotwikwa baadaye. Asili yake ni kitenzi kufana; watu hunena hata sasa kwamba harusi imefana, wala hawaneni hivyo kwa kuwa gharama ilikuwa kidogo, bali kwa kuwa jambo limetimia likapendeza na waliohudhuria wameridhika. Hakimu wa kufana ni hadhira yenyewe.

Wahandisi walipolihitaji neno hili, likafanywa liwe uwiano baina ya kinachotumika na kinachopatikana. Mmarekani Frederick Winslow Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911, aliigeuza hesabu hiyo ikawa kanuni ya kuwatawala watu kazini: kufikiri kuwe kwa idara ya mipango, kutenda kuwe kwa mfanyakazi, na msimamizi asimame kati yao na saa mkononi. Siikani faida ya hesabu, maana raia mlipa kodi ana haki ya kujua fedha yake imefanya nini. Ninalolikana ni dai kwamba hesabu imetimia ilhali mtenda kazi hakuulizwa.

Ushahidi tunao Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizuru Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ardhi ukiitazama kutoka angani, ukapendekeza karanga zilimwe kwa matrekta katika ekari zaidi ya milioni 3 kwa muda wa miaka 6, ili Uingereza ipate mafuta ya kula yaliyoadimika baada ya vita. Mpango ule ulikuwa kilele cha ufanisi wa karatasini, wenye mashine nyingi na ratiba iliyonyooka. Wagogo, wenyeji wa Kongwa, waliofundishwa na majanga mazito, ikiwemo njaa ya Mtunya iliyowashika kuanzia 1917, walijua kwamba mvua ya Ugogo haina ahadi na kwamba udongo wake, ukikosa maji, hukaza kama saruji. Lakini maarifa hayo hayakupewa kiti pale palipokatwa shauri. Kati ya ekari 150,000 zilizokusudiwa mwaka 1947, zilizolimwa hazikufika 8,000. Septemba ya mwaka huo huo mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kwa kufuata njia ya reli, nao vibarua wa Kongwa wakaingia. Hiyo ndiyo sauti waliyokuwa nayo, kwa sababu nyingine hawakupewa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, pauni takriban milioni 36 zikiwa zimekwisha kuteketea.

Baada ya uhuru dola yetu yenyewe iliutambua upungufu huu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliamuru mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara yake ya 15, ukawakataza viongozi kiburi na uonevu. Ila mabaraza yalipewa kushauri tu, wakuu wa idara nao wakawa wajumbe, na neno la mwisho likabaki kwa bodi. Wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 walikitwaa wakakiendesha wenyewe.

Hapo ndipo istilahi ya pili, ushirikishwaji, inapotaka kuchunguzwa. Anayeshiriki ana fungu lake. Anayeshirikishwa hutiwa na mwingine katika jambo ambalo mwenyewe ni huyo mwingine, naye aweza kutolewa kwa hiari ile ile iliyomtia. Wafasiri wetu walikuwa wakweli kuliko walivyodhani, kwani wametaja hasa kile kinachotendeka, na kwa sababu hiyo nisingependa neno hili lifutwe. Napenda libaki mahali pake, na ushiriki utumike pale tu uamuzi unapokuwa wa wote.

Leo, katika Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, kila wizara ina baraza lake la wafanyakazi, chini ya sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma, na aghalabu baraza hukutana kupitia rasimu ya bajeti iliyokwisha kuandikwa. Kuisikiliza rasimu ni heri kuliko kutoijua. Lakini vipimo vya ufanisi vilivyomo ndani yake hutungwa na idara ya mipango, kama Taylor alivyotaka. Sioni kinachozuia walau kipimo kimoja katika kila mpango kitungwe na baraza lenyewe, kwa shauri la dereva, mhudumu na mtunza masjala, maana mtu wa masjala ndiye ajuaye jalada la mwananchi hulala kwenye meza ya nani, na kwa siku ngapi.