Leza dhaifu iliyofunga vidonda

Leo tuweke programu kando, tuzungumzie mwanga.

Mwaka 1960 Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, akitumia fuwele ya rubi. Mara madaktari wakauliza: je, mwanga huu unaweza kuangamiza saratani? Paul McGuff wa Boston akaujaribu kwa wanyama wa maabara, na uvimbe ukaharibika.

Huko Budapest, daktari mpasuaji Endre Mester alitaka kurudia jaribio hilo kwa panya. Hiyo ilikuwa mwaka 1967. Leza yake ilikuwa na nguvu kidogo mno, na uvimbe haukufa. Lakini pale aliponyoa manyoya, yaliota upesi zaidi kwa panya waliomulikwa, na vidonda vya upasuaji vikafunga mapema. Miaka ya 1970 akaanza kuwamulika wagonjwa wenye vidonda sugu.

Sasa swali: mwanga usiochoma unafanya nini? Mwanasayansi Tiina Karu wa Urusi alisema jibu limo ndani ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidesi, ambacho hufyonza mwanga mwekundu. Seli hutengeneza ATP zaidi, na pia hutoa oksijeni kali kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho ni ujumbe: huamsha protini ya NF-kB, nayo huenda kwenye kiini kuwasha jeni. Fibroblasti huongezeka na kutengeneza kolajeni ya kuziba jeraha. Kwa lugha yetu, mwanga unabonyeza kitufe tu. Msimbo tayari umo ndani ya seli.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa hata seli zisizo na kimeng'enya hicho ziliongezeka chini ya mwanga wa nanomita 660. Huenda kuna mlango mwingine.

Jambo moja limethibitika mara nyingi: dozi ndogo husaidia, dozi kubwa huzuia. Kwa hivyo ukiuziwa taa nyekundu ya "kuponya", uliza ni nanomita ngapi, na jouli ngapi kwa sentimita mraba. Muuzaji asipojua, weka pesa zako mfukoni. Na kama una kisukari na kidonda mguuni, nenda hospitali kwanza. Taa haiui viini wala haifungui mishipa iliyoziba.

Maoni yenu?