Vibali vya kufungasha chakula nyumbani: leseni ya kaunti pekee haitoshi

WAKENYA wengi wanaosaga njugu karanga, kukaanga krisps au kufungasha viungo vya chai jikoni mwao huanza kwa kuwauzia majirani na wafanyakazi wenzao. Mambo huwa shwari hadi siku duka kubwa linapotaka bidhaa hiyo na kuuliza iwapo ina alama ya ubora. Hapo ndipo mfanyabiashara hutambua kwamba leseni aliyoilipia katika kaunti haitoshi.

Sababu ni kwamba vibali vya chakula hutolewa na asasi tofauti, na kila moja huchunguza jambo lake. Kaunti huangalia biashara na mahali inapofanyiwa. Afisa wa afya ya umma huangalia usafi wa jengo na afya ya wanaoshika chakula. Shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, huangalia chakula chenyewe. Kibali kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine.

Jina na ushuru

Hatua ya kwanza ni kusajili jina la biashara katika Idara ya Usajili wa Biashara, BRS, kupitia mtandao wa eCitizen. Usajili huo haumzuii mwingine kutumia nembo inayofanana na yako. Anayetaka kuilinda nembo yake huisajili katika taasisi ya hakimiliki za viwanda, KIPI, ambako ulinzi hudumu kwa miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Kisha kuna nambari ya PIN kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 3 ya mauzo kwa biashara ndogo zinazouza bidhaa za zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka lakini zisizozidi Sh25 milioni. Ushuru huo hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aidha, maduka makubwa huitisha ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa ankara kwa njia ya kielektroniki.

Kaunti na bwana afya

Katiba ya 2010 iliwakabidhi magavana na mabunge ya kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara na kusimamia wauzaji wa chakula. Ndiyo maana ada za Nairobi si sawa na za Kisumu au Mombasa, na anayehama kaunti hulazimika kuanza upya. Leseni ya biashara hulipiwa kila mwaka.

Kando na leseni hiyo, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inahitaji jengo la kutayarishia chakula liwe na leseni ya usafi. Afisa wa afya ya umma, ambaye wengi humwita bwana afya, hufika kukagua maji, sakafu, kuta, mwangaza, choo na jinsi taka zinavyotupwa. Kila anayeshika chakula, awe mwenye biashara au kibarua wa siku moja, hupimwa afya na kupewa cheti kinachopaswa kuhuishwa kila baada ya miezi sita.

Ukaguzi huu ndio huwakwaza wengi wa wanaofanyia kazi nyumbani. Chumba cha kutayarishia chakula cha kuuza hakipaswi kuwa pia chumba cha kulala, na meza inayopikiwa chakula cha watoto haifai kuwa ndiyo ya kufungashia bidhaa. Aliyepanga nyumba atahitaji kwanza idhini ya mwenye nyumba, na kaunti inaweza kudai kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo lililokusudiwa makazi. Asiye na chumba cha ziada anaweza kukodisha nafasi ndogo sokoni, au kutafuta huduma za taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ambayo huwasaidia wenye viwanda vidogo kwa mitambo na ushauri.

Alama ya ubora

Bidhaa iliyofungashwa na kuuzwa nchini inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS. Mwombaji huwasilisha maombi kwa kila bidhaa. Maafisa huzuru mahali pa kazi, huchukua sampuli na kuipeleka maabara kupimwa kulingana na kiwango rasmi cha bidhaa hiyo. Anayetengeneza siagi ya njugu na asali hahitaji kibali kimoja bali viwili.

Wengine huona hatua hii kuwa usumbufu wa kumnyima mnyonge riziki. Hata hivyo, historia inaonyesha kwa nini ipo. Mnamo 2004, mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 miongoni mwa 317 waliougua, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mnamo 2019, KEBS ilipiga marufuku aina kadhaa za siagi ya njugu na za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Aflatoksini hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na njugu zisizokaushwa vyema. Haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Jikoni panaweza kung'aa na wafanyakazi wote kuwa na vyeti, lakini bidhaa ikawa na sumu iliyoingia tangu ghalani. Mtengenezaji hujikinga kwa kununua njugu zilizokauka, kuchambua na kutupa zilizokunyata, kuvunjika au kubadilika rangi, na kupima sampuli kabla ya kusaga.

Kibandiko na mizani

Kibandiko huonyesha jina la chakula, viungo vyake, uzani halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nambari ya kundi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika, pamoja na jinsi ya kuhifadhi. Njugu ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumdhuru vibaya mtu ambaye mwili wake hauvihimili, hivyo ni lazima zitajwe. Mizani nayo hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo.

Nambari ya mistari ya kusomwa na mashine, ambayo hutolewa na GS1 Kenya na kuanza kwa 616, si kibali cha serikali. Hata hivyo, maduka makubwa mengi hayapokei bidhaa isiyo nayo.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchapisha maelfu ya vibandiko mapema, kisha mkaguzi akataka marekebisho. Ni heri kuanza na chumba, kisha vyeti vya afya, kisha sampuli, na kumalizia na uchapishaji. Anayefikiria kuiga alama ya ubora akumbuke kwamba mnunuzi yeyote anaweza kutuma herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwa 20023, na kujibiwa papo hapo nambari hiyo ni ya nani.