Mgeni wa Lugha: Historia ya Kuwafundisha Wanaoanza Kirusi na Kiebrania, na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mhadhara huu nakusudia kuutumia usemi huo kuhusu lugha. Mwenyeji ni lugha yenyewe. Mgeni ni mtu anayeanza kujifunza pasipo kujua hata neno moja. Nitazitazama lugha mbili ambazo katika karne ya ishirini ziliwapokea wageni wengi wa namna hiyo, yaani Kirusi na Kiebrania. Hoja yangu ni kwamba wageni hawakuja kwa sababu lugha hizo ni nyepesi. Walikuja kwa sababu wenyewe walikwisha kuamua kwamba elimu, hadi ile ya juu kabisa, itapatikana kwa lugha hizo.

2.0 Kirusi: mwaka mmoja wa maandalizi

Chuo Kikuu cha Moscow kilipofunguliwa mwaka 1755, Kilatini kilikuwa bado lugha yenye heshima kubwa katika mihadhara. Mikhail Lomonosov, mwanasayansi na mwanaisimu aliyeishi kati ya 1711 na 1765, alikuwa miongoni mwa waliotetea kwamba Kirusi kinaweza kubeba sayansi. Aliandika sarufi ya Kirusi iliyochapishwa mwaka 1757, na akaunda istilahi kwa maneno ya nyumbani. Kirusi, basi, hakikuzaliwa kikiwa lugha ya fizikia. Kilifanywa kuwa hivyo kwa kutumiwa.

Matunda ya kazi hiyo yalitufikia Waafrika baada ya miaka mia mbili. Mwaka 1960 kilianzishwa mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walipokelewa katika kitivo cha maandalizi. Kwa mwaka mmoja walifundishwa Kirusi tangu alfabeti, kisha wakaongezewa hisabati, fizikia na kemia kwa lugha hiyohiyo. Mwaka uliofuata waliketi katika kumbi za mihadhara pamoja na Warusi. Miaka michache baadaye walirudi makwao wakiwa madaktari, wahandisi na wanauchumi.

Njia hiyo haikuwa ya upande mmoja. Katika Leningrad, Dmitri Olderogge na wenzake walikuwa wakifundisha Kiswahili tangu miaka ya thelathini, na mwaka 1961 ilichapishwa Kamusi ya Kiswahili-Kirusi chini ya uhariri wake.

3.0 Kiebrania: kutoka kitabuni hadi sokoni

Historia ya Kiebrania ni ya namna nyingine. Kwa zaidi ya karne kumi na sita hakikuwa lugha ya kwanza ya mtoto yeyote. Kilisomwa, kiliandikwa na kuswaliwa, lakini mama hakumbembelezea mwanawe. Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika himaya ya Urusi, alihamia Palestina mwaka 1881 na kuazimia kwamba nyumbani mwake kitasemwa Kiebrania peke yake. Mwaka 1890 ikaundwa Kamati ya Lugha, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Akademia ya Lugha ya Kiebrania mwaka 1953.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1913. Chuo cha ufundi kilikuwa kikijengwa Haifa, na wafadhili kutoka Ujerumani wakaamua kwamba sayansi ifundishwe kwa Kijerumani. Sababu yao twaijua sana: Kiebrania hakina istilahi. Walimu na wanafunzi waligoma, na mapema mwaka 1914 uamuzi ukageuzwa. Vita vilichelewesha ufunguzi, lakini chuo kilipoanza kufundisha mwaka 1924, kilifundisha kwa Kiebrania. Istilahi hazikutangulia ufundishaji. Zilizaliwa ndani yake.

Mwaka 1949 ilifunguliwa Yerusalemu ulpan ya kwanza, yaani shule ya kuwafundisha wahamiaji lugha kwa muda wa takriban miezi mitano. Darasa moja liliweza kuwa na Mromania, Mmoroko na Mwiraki wasio na lugha ya pamoja. Hivyo Kiebrania kilifundishwa kwa Kiebrania, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

4.0 Mswahili anapoanza

Je, anayetoka katika Kiswahili huanzaje? Katika Kirusi hukutana na alfabeti ya herufi 33 na mirundikano ya konsonanti, kama katika neno vzglyad, ‘mtazamo’. Mkazo nao huhama: zámok ni kasri, zamók ni kufuli. Sisi tuliozoea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho hutulazimu kulijifunza kila neno pamoja na mkazo wake. Nomino zina jinsia tatu na uhusika sita. Lakini dhana ya upatanisho wa kisarufi haimshangazi mtu anayesema kitabu kipya na nyumba mpya. Atasema novaya kniga ‘kitabu kipya’ na novyi dom ‘nyumba mpya’, akijua tayari kwamba nomino ndiyo itawalayo kivumishi. Isitoshe, atakuta maneno ambayo Kirusi kiliyapata kwa njia ya Waturuki na sisi kwa njia ya Waarabu: sunduk na sanduku, kazna na hazina.

Katika Kiebrania ujamaa ni wa karibu zaidi, kwa kuwa ni ndugu wa Kiarabu. Sita, saba na tisa zetu ni shesh, sheva na tesha. Ishirini ni esrim. Damu ni dam, nafsi ni nefesh. Ugumu umo katika maandishi, kwani irabu kwa kawaida haziandikwi. Konsonanti s-p-r zaweza kusomwa sefer ‘kitabu’, sapar ‘kinyozi’ au safar ‘alihesabu’. Aliyewahi kusoma miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambamo herufi moja iliweza kusimama badala ya b, p na mb, anaifahamu kazi hiyo: msomaji sharti aijue lugha ndipo aweze kuisoma.

5.0 Gharama

Haitakuwa haki kuisimulia habari hii kama sifa tupu. Kirusi kilikua kwa kuzifunika lugha nyingi ndogo za dola ya Kisovieti. Ufufuaji wa Kiebrania ulikisukuma kando Kiyidi, lugha ya mama ya mamilioni, na mwaka 2018 sheria ya Israeli ilikiondolea Kiarabu hadhi ya lugha rasmi. Lugha inayoinuliwa na dola yaweza kuwanyamazisha majirani zake. Nasi tunaopigania Kiswahili tuwakumbuke wasemaji wa Kizaramo na Kipokomo.

6.0 Hitimisho: swali kwetu

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hata leo masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Sababu inayorudiwa ni ileile ya Haifa: istilahi hazitoshi.

Tulitafakari jambo hili kwa utulivu. Kijana wa Kitanzania aliyefika Moscow bila kujua herufi moja ya Kirusi aliaminiwa kwamba baada ya mwaka mmoja ataweza kusoma udaktari kwa lugha hiyo. Kijana huyohuyo nyumbani haaminiwi kwamba aweza kuisoma biolojia kwa lugha anayoisema tangu utotoni. Upungufu, basi, haumo katika akili ya mwanafunzi, wala haumo katika muundo wa lugha. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha isimu kwa Kiswahili, na kwa kufundisha ikatuzoeza fonimu, mofimu, kiima na kiarifu. Lililowezekana katika isimu halina sababu ya kushindikana katika kemia.

Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake za kazi. Wageni wameanza kubisha hodi. Swali watakalotuuliza si kama sarufi yetu ni rahisi. Watauliza: nikikijua, nitasoma nini kwacho? Jibu la swali hilo liko mikononi mwa waalimu na watunga sera wetu.