Akhwari hakuwa "yule wa mwisho" tu

Ukimtaja John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, wengi watakusimulia Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akaingia uwanjani giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, naye akawa wa 57, akitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Sasa jiulize: asingeumia je?

Jibu lilikuja miaka miwili baadaye. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Scotland, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Akashika nafasi ya 5. Mamo Wolde wa Ethiopia alichukua dhahabu ya Mexico kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Kweli, Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tusilinganishe moja kwa moja. Lakini umeona?

Hakuwa mkimbiaji wa kawaida aliyejikaza. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyeumia. Ukiwasimulia wadogo zako habari za Mexico, usiishie hapo. Waambie na za Edinburgh.