Nguo Nyeusi za Wakaguzi

Ndugu zangu tuliovaa kaptula za kaki, tuliambiwa kwamba sare huwafanya watu kuwa sawa. Naomba tutazame picha aliyoichora Rembrandt mwaka 1662, ya wakaguzi wa nguo wa Amsterdam. Kazi yao ilikuwa kupima ubora wa nguo zilizotiwa rangi. Wote watano wamevaa nguo nyeusi zenye kola nyeupe, kama watu wasiopenda makuu. Lakini weusi ulioiva, usiochujuka upesi, ulikuwa rangi ya gharama, na hapana shaka wao waliijua bei yake. Nyuma yao amesimama mtumishi wao, naye amevaa nyeusi vilevile. Kofia tu hana. Sare, basi, haikufuta daraja, iliiacha kichwani.