Saratani ya Korodani: Tulijifunza Nini kutoka Denmark?

  Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja: saratani ya korodani. Tafadhali usizime redio.

Saratani hii ni nadra kwetu Afrika. Lakini haingoji uzee. Huwapata zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40 hivi.

Mengi tunayojua yalitoka Denmark, huko Ulaya. Tangu mwaka 1943, wagonjwa wote wa saratani nchini humo huandikwa katika daftari moja la taifa. Daftari lilionyesha ugonjwa huu ukiongezeka kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1989, mtafiti Henrik Møller aliona jambo la ajabu: wanaume waliozaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hawakuugua sana kama ilivyotarajiwa. Baadaye hali hiyo ilionekana Norway na Sweden pia.

Watafiti wakajiuliza, je, ni chakula cha wakati wa vita? Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba wanaume warefu huugua zaidi kidogo kuliko wafupi. Ikadhaniwa kuwa mambo yanayoongoza ukuaji wa mwili, tangu tumboni, yanahusika. Sababu kamili haijathibitishwa.

Sasa mama, usimpunguzie mtoto chakula! Urefu si ugonjwa, na utapiamlo huua watoto wengi. Shika hili: hatari inayojulikana zaidi ni korodani ambayo haikushuka. Unapomwogesha mtoto, angalia kama zote mbili zimo mfukoni. Akifika miezi 6 na moja haijashuka, mpeleke kliniki. Upasuaji wake hufaa ufanywe kabla ya miezi 18.

Kijana mkubwa naye huwezi kumwogesha, lakini unaweza kumwambia, wewe au baba yake au mjomba: ukigusa uvimbe mgumu, hata usiouma, au korodani ikawa nzito, sema mapema.

Zamani, saratani hii ikishaenea mwilini, wengi walikufa. Mwaka 1974 huko Indiana, Marekani, Daktari Lawrence Einhorn aliongeza dawa ya sisplatini kwa kijana aliyeshindikana kwa dawa nyingine, naye akapona. Leo, anayetibiwa mapema kwa kawaida hupona. Dawa ipo, aibu ndiyo inayotuchelewesha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.